Chakula Tayari, Uyole: nilivyowapeleka wageni wangu Wayahudi kwa Mama wa Katumba

Kibao cha mgahawa huu ni kipande cha bati kilichoandikwa kwa brashi: CHAKULA TAYARI KARIBUNI WOTE. Jina jingine hakuna. Ukifika Uyole njia panda, muulize bodaboda yeyote "kwa Mama wa Katumba", atakuonyesha kwa kidole bila kushuka kwenye pikipiki. Ni pale barabara inapogawanyika: moja inapanda Tukuyu hadi Kyela na Kasumulu kwa Wamalawi, nyingine inakwenda Mbeya mjini na Tunduma, na ile uliyokuja nayo inarudi Chimala, Makambako, Iringa. Mimi ni dereva na mwongoza wageni, mwaka wa kumi na moja huu. Nimekula pale zaidi ya mara arobaini na sijawahi kuandika hata mstari. Ila mwezi wa pili niliwapeleka mzee mmoja na mkewe kutoka Philadelphia, tukiwa na nia ya mlo mmoja, tukaishia kula hapo siku nne. Ndiyo maana naandika.

Bei kwanza. Wali maharage 2,500. Wali nyama 4,000. Ndizi za kupika na maharage ya mawese 3,000, na hizo ndizo zilizonifanya mteja. Samaki 6,000 hadi 8,000 kulingana na ukubwa. Chai ya maziwa 700, na inakuja na sukari tayari, nyingi. Kama huitaki sema kabla hujakaa. Maharage ya pale si yale tunayoyajua Mbeya. Yanachemshwa jioni, yanalala juu ya makaa, asubuhi vitunguu vinakatwa pete pete mpaka vinajaa sinia, mawese yanaungua kwanza harufu ya ubichi iishe, halafu ndipo maharage yanamwagwa. Pilipili moja nzima inakaa juu bila kupasuliwa. Ukiipasua kwa kijiko usimlaumu mtu.

Sasa jengo. Nguzo za mlingoti, bati juu, kuta za mabanzi zinazoishia kiunoni, na pande zote nne kuna pa kuingilia. Siku ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha ya kutosha, tope la Uyole mnalijua, na mzee alisimama katikati ya mgahawa akawa anageuka taratibu kama mtu anayehesabu. Akaniomba nimuulize Mama kwa nini kuna milango minne. Mama hakuacha hata kukoroga. "Watu wa Tukuyu wanatokea huku. Wa malori kule. Wa sokoni pale, na sisi wa jikoni tunapita nyuma. Nikiweka mlango mmoja, mwenye njaa aanze kuzunguka kwenye tope akitafuta mlango?"

Nilipotafsiri, mzee akamtazama mkewe, wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliokutana na ndugu ugenini. Akaniambia kwamba kwao watoto wanafundishwa kuwa hema la Ibrahimu lilikuwa wazi pande nne, ili msafiri atakayetokea popote asisumbuke kutafuta mlango. Katika Mwanzo haimo hiyo; ni masimulizi ya marabi, yaani walimu wa dini yao. Kilichomo ni Mwanzo 18, Ibrahimu amekaa mlangoni pa hema wakati wa jua kali, anaona watu watatu, anakimbia kuwalaki. Marabi walikwenda mbali zaidi: wanasema kumkaribisha mgeni ni kukubwa kuliko kuupokea uso wa Mungu, kwa sababu Ibrahimu alikuwa na Mungu anazungumza naye, akamwacha asubiri ili awahudumie wapita njia.

Mimi Mmoraviani, nimelelewa na Biblia, na hilo la kumwacha Mungu asubiri sikuwahi kulisikia kanisani.

Lakini hii ni tathmini ya mgahawa, kwa hiyo niseme na upande wa pili wa milango minne: baridi nayo inaingia kwa milango minne. Upepo wa kutoka milimani unapita hapo kama umealikwa. Mama yule wa Philadelphia alikula siku zote nne amejifunga kitenge changu cha akiba cha kwenye gari. Ukikaa meza ya upande wa malori, mvua ikipigwa na upepo inakufikia kwenye sahani. Kaa karibu na jiko, ukubali moshi.

Wageni wangu walikuwa wamekuja kuona maua ya hifadhi ya Kitulo, Bustani ya Mungu, na mwezi wa pili ndio wakati wake. Nilipowapokea uwanja wa ndege wa Songwe mzee alinisalimia "Habari za safari?" wakati msafiri ni yeye. Kiswahili chake alikipata kwa Wakongo. Sinagogi lao lilipokea familia ya Kikongo iliyokaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, kabla ya kupelekwa Marekani. Wazee hawa wawili ndio waliopewa kazi ya kuwatafutia vitanda, kuwapeleka watoto shule na kuwafundisha kupanda basi. Mama wa familia ile akawalipa kwa Kiswahili na sombe, yaani kisamvu. Kwa hiyo mzee anajua maneno ya ajabu: hajui "daraja", anajua "shida kidogo" na "tutafika tu".

Kazi hiyo waliifanya kupitia shirika la Kiyahudi liitwalo HIAS. Lilianza New York mwaka 1881, wakati Wayahudi walipokuwa wanaikimbia Urusi kwa maelfu. Lilikuwa la kuwasaidia Wayahudi wenzao: mtu anashuka melini hajui lugha, hana ndugu, anakutana na mtu wa kumsemea. Siku hizi wengi wanaosaidiwa si Wayahudi kabisa, na hata Nairobi walifungua ofisi mwaka 2002. Wana msemo wao, mzee aliusema akihesabu kwa vidole: zamani tuliwasaidia wakimbizi kwa sababu wao ni Wayahudi, sasa tunawasaidia kwa sababu sisi ni Wayahudi.

Basi chakula. Wayahudi hawalingani, mzee alinionya mapema. Wapo ambao hata chai ya pale wasingekunywa. Hawa wawili wakiwa safarini hawali nyama, wanakula mboga, mayai, na samaki mwenye magamba na mapezi. Nikamweleza Mama nikidhani atanuna, maana siku hiyo samaki aliyekuwa jikoni alikuwa kambale, na kambale hana magamba. Mama akauliza swali moja tu: "Perege je?" Akamtuma kijana Igawilo. Akatoa na sufuria mpya iliyokuwa bado na karatasi ya dukani, akasema hii haijapikiwa nyama, niambie kama inafaa. Sikuwa nimemwomba sufuria. Alisema Katumba walikuwa na majirani Wasabato, kwa hiyo mtu kuwa na masharti ya samaki si jambo geni kwake.

Hapo nikaona nafasi ya kumkamata mzee. Najua Biblia yangu. Nikamwambia, mbona nyinyi hamchanganyi nyama na maziwa, na Ibrahimu aliwaandalia wale wageni watatu siagi na maziwa na ndama, vyote pamoja? Mzee akaweka kijiko chini kwa furaha. Akasema umejiunga na ugomvi wa karne nyingi. Wengine wanasema sheria ilikuwa haijashuka Sinai. Wengine wanasema maziwa yalitangulia, nyama ikafuata baadaye. Mkewe akasema na wengine wanasema mtu akiwa na njaa humpi mhadhara. Mzee akasema hao wengine ni yeye mwenyewe, hayumo kitabuni.

Na kuna hili la Ibrahimu linalomfaa Mama wa Katumba moja kwa moja. Aliwaahidi wageni kipande cha mkate, akaleta ndama mzima. Marabi wanasema mwenye haki husema kidogo na kutenda kingi. Mama, ukimuuliza kuna nini leo, jibu ni lile lile miaka yote: "Hamna kitu baba, wali maharage tu." Halafu unaletewa wali, maharage, mchicha, parachichi nusu lililokatwa vipande, na kama ametoka Tukuyu, ndizi mbivu mbili ambazo hazimo kwenye hesabu.

Niwaambie sasa kilichoharibika, maana kiliharibika. Siku ya pili Mama alikuwa sokoni, na kijana wa meza, mgeni pale, akaleta hesabu. Samaki wawili 30,000. Nikajua mara moja. Hiyo inaitwa bei ya mzungu, na mimi ndiye wa mwisho kushangaa. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Ipo hoteli moja, si Uyole, ilikuwa inaniandalia bahasha kila nikileta gari la wageni, na bahasha ile ilikuwa imetoka mifukoni mwa wageni hao hao. Nimekula cha juu na nikalala usingizi. Kwa hiyo nilinyamaza. Mzee akatoa noti, na ndipo Mama akaingia kwa mlango wa sokoni na kikapu kichwani. Aliitazama meza, akaitazama ile noti, akamuuliza kijana samaki bei gani. Kijana akajikuna shingo. Mama hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema: "Samaki ni 7,000. Akija mkuu wa mkoa ni 7,000. Akija Mmalawi ni 7,000." Akaniangalia na mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. "Na wewe dereva ulikuwa unajua."

Mzee alitaka kujua kimetokea nini. Nikamtafsiria nusu. Lakini yeye alishaelewa, akaniambia kuna mstari wa Walawi 24:22: sheria iwe moja kwa mgeni na kwa mzaliwa. Akasema watu wanafikiri mambo haya ya mgeni katika Torati ni maneno ya huruma, ya kutia machozi. Mengi ni mambo ya mizani, ujira na hukumu. Huruma inakuja na kuondoka. Mizani inakaa dukani kila siku.

Kijana bado yupo. Nimerudi mara mbili, anatoza sawasawa.

Kitu cha kipekee pale, na ndicho wengi wanakizungumzia bila kukielewa, ni sufuria ya pembeni. Karibu na mlango wa malori kuna jiko dogo la mkaa na sufuria yenye kifuniko, kando yake sahani za bati. Asiye na hela anajipakulia, anakula, anaosha sahani yake, anaondoka. Hakuna anayemgawia, hakuna anayeandika. Utingo aliyeachwa na lori, mama anayetoka hospitali ya rufaa na nauli imeishia njiani, vijana wanaotembea kutoka mipakani. Mzee alisimama pale muda mrefu. Kwao, Walawi 19 inamwambia mkulima asivune shamba lake mpaka kwenye kona, na masuke yaliyoanguka asiyaokote, awaachie maskini na mgeni. Anachopenda yeye ni kwamba mwenye shamba hagawi. Maskini anaingia mwenyewe na kuokota kama mtu mwenye haki yake. Ndivyo Ruthu alivyofika shambani kwa Boazi kule Bethlehemu: Mmoabu, mjane, mgeni, anaokota nyuma ya wavunaji. Na huyo Mmoabu akaja kuwa mama wa babu yake mfalme Daudi.

Nilimwambia Mama, hii sufuria wanaidhulumu. Ni kweli, nimeona kwa macho yangu utingo mwenye simu kubwa kuliko yangu anajipakulia kwa mara ya pili. Mama akasema anamjua huyo, anamjua kwa jina. "Nikianza kuwahoji, yule mwenye njaa kweli ndiye atakayeona aibu. Huyu wa simu hana aibu, atajibu maswali yote."

Kuna suala ambalo msomaji wa Mbeya ameshaanza kujiuliza. Hapa ni njia. Vijana wa Kihabeshi wanaokwenda Sauzi wanapita hapa kila siku, wengine wanakamatwa kwenye malori wamebanana kama magunia ya viazi, na kumficha mtu asiye na kibali ni kosa kisheria. Nilimuuliza Mama waziwazi. Alijibu kifupi: "Mimi simfichi mtu. Milango minne hiyo, utamficha wapi? Mimi napika." Uhamiaji nao wanakula pale pale, meza ya karibu na jiko.

Ikafika Ijumaa.

Wageni wangu hawasafiri Sabato, na Sabato yao inaingia Ijumaa jua likizama. Kwa hiyo nilikuwa nimewapangia nyumba ya wageni hatua mia mbili kutoka pale, na Mama akakubali kuwapikia kabla jua halijazama, cha jioni na cha kesho yake. Walihitaji mishumaa miwili, mikate miwili na kitambaa cha kuifunika. Mikate ilikuwa ya kawaida ya dukani, kitambaa ni kitenge kipya cha Mama chenye picha za jogoo. Saa moja kasoro dakika kumi bibi akawasha mishumaa, akazungusha mikono juu ya mwanga mara tatu, akafunika macho. Na nyie mnajua Uyole: dakika tano baadaye umeme ukakatika mtaa mzima. Mgahawa wote ukabaki na mishumaa ile miwili. Madereva wa malori wakapiga makofi, wakidhani wazee wale walijua.

Tulikaa. Mvua kwenye bati, huwezi kuondoka. Mama akavuta kigoda, na ndipo nilipofanya kazi ya kutafsiri kuliko siku zote za safari.

Mzee alieleza kwamba Torati inaonya kuhusu mgeni mara nyingi kuliko karibu jambo jingine lolote. Rabi Eliezer katika Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, alihesabu mara 36, na wapo waliosema 46. Na sababu inayotolewa ni moja inayorudiwa: kwa kuwa nyinyi mlikuwa wageni Misri. Kutoka 23:9 inaongeza kwamba mnaujua moyo wa mgeni. Mkewe akamkata kauli. Akasema usimdanganye kijana, neno lenyewe la Kiebrania ni ger, wakiwa wengi ni gerim, na katika vitabu vya sheria vya marabi mara nyingi ger ni mtu aliyeingia dini yetu, si kila mpita njia. Na Wayahudi wa leo, Marekani na hata Israeli kwenyewe, wanagombana vikali juu ya nani apokelewe na nani arudishwe. Mzee akasema sawa, lakini Misri sisi tulikuwa gerim, na hatukuwa tumeingia dini ya Farao. Bibi akasema hilo unalisema kila mwaka. Mzee akasema na kila mwaka hunijibu. Mama aliposikia tafsiri ya hayo akasema ndoa hiyo ni imara.

Kisha Mama akamgeukia bibi, akauliza swali ambalo mimi, na elimu yangu ya kuongoza watalii, nisingethubutu. "Na nyie mlikimbia nini?"

Bibi hakushtuka. Mama yake mzazi alitoka Vienna mwaka 1938, mtoto wa miaka tisa, Hitler alipoichukua Austria. Yeye alipata nchi ya kumpokea. Wengi hawakupata. Akatusimulia meli ya St. Louis, iliyoondoka Hamburg mwezi wa tano 1939 na abiria 937, karibu wote Wayahudi. Kuba ikawakubali wachache mno. Wakasogea pwani ya Florida mpaka wakaziona taa za Miami, Marekani ikakataa. Meli ikarudi Ulaya. Nchi nne ziliwagawana, lakini vita ilipofika huko 254 kati yao waliuawa. Mama akauliza, taa waliziona? Bibi akasema waliziona.

Mama akakaa kimya kidogo halafu akasema wazazi wake walivuka mwaka 72, Burundi ilipokuwa inachinjana, mama yake akiwa na mimba ya kaka yake mkubwa. Wakapelekwa Katumba, upande wa Mpanda, wakapewa shamba na jembe. Yeye alizaliwa hapo, akasoma hapo, kwa Kiswahili hiki hiki, na akawa mkimbizi mpaka akiwa mtu mzima mwenye watoto. Uraia alipewa pamoja na wenzake zaidi ya 160,000, vyeti vikatoka 2014. Alikichukua cheti, akapanda basi la Mbeya. "Nilitaka nikae mahali ambapo watu wengine ndio wanapita, mimi nimekaa." Nikamtafsiria mzee hilo mara mbili, maana mara ya kwanza sikulitendea haki.

Mimi nikajikuta nimesema langu. Sijawahi kumwambia mgeni yeyote wa kazini. Mwaka 2008 nilikuwa Alexandra, Johannesburg, na pasi iliyokwisha muda. Mwezi wa tano vurugu dhidi ya wageni zilianzia hapo hapo Alex, na mpaka zinatulia nchi nzima watu 62 walikuwa wameuawa. Walikuwa wanakusimamisha, mmoja anajishika kiwiko, anauliza kinaitwaje kwa Kizulu. Ukikosea, wewe ni makwerekwere, jina lao la dharau kwa wageni. Mama mwenye nyumba niliyopanga, Mzulu, alinikaririsha usiku kucha: indololwane. Indololwane. Alinipiga kofi la mdomo nilipotamka kama Mnyakyusa. Halafu akaona bado sijui, akanifungia stoo ya mkaa siku tatu, na akawaambia waliokuja kwamba Mtanzania ameshaondoka. Nilitoka mweusi kuliko nilivyoingia.

Mzee hakusema mstari wowote. Aliniongezea chai, yenye sukari ile.

Baadaye, mvua ikipungua, ndiye aliyeangalia tena zile pande nne zilizo wazi. Akasema tarehe 27 Oktoba 2018, siku ya Sabato kama hii, mtu aliingia sinagogi la Pittsburgh, jimbo lao hilo hilo, akaua watu 11. Kabla ya kwenda alikuwa ameandika chuki yake mtandaoni dhidi ya HIAS, kwamba wanaleta wageni. Tangu hapo sinagogi la kwao limebaki na mlango mmoja, na una mlinzi mwenye bunduki. Familia ya Nyarugusu ilipoalikwa mara ya kwanza, watoto walimwona mlinzi wakagoma kuingia.

Jumamosi yote nilikaa tu, nalipwa kwa kukaa, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Perege wa jana, baridi, na limao, ni mtamu kuliko wa moto. Nimeagiza hivyo mara mbili tangu siku ile na Mama ananiita Myahudi.

Jumapili asubuhi, kabla ya kupanda Isyonje kwenda Kitulo, niliwapitisha mjini kuwaeleza ninalowaeleza wageni wote: Mandela alifika Mbeya Januari 1962, akitoroka kwenda kutafuta msaada wa nchi za Afrika, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wetu. Akaingia hoteli, akakuta barazani weusi na weupe wamekaa pamoja wanapiga soga. Ameandika kwamba hajawahi kabla ya hapo kuwa mahali pa watu wote pasipo na ubaguzi wa rangi. Mimi hupenda kusema hiyo ndiyo tathmini ya kwanza ya hoteli ya Mbeya, na hakugusia chakula. Mzee akaniongezea lake nililokuwa silijui: ofisi ya mawakili iliyompa Mandela nafasi ya kujifunza kazi, Johannesburg, wakati karibu ofisi zote za wazungu zilikuwa hazimtaki Mwafrika, ilikuwa ya Wayahudi, na aliyemchukua ni Lazar Sidelsky.

Hesabu ya siku nne, watu watatu, bila sufuria mpya, ambayo Mama alitukataza katakata tusiilipie kwa sababu "imebaki kwangu": 112,000. Juu ya hizo mzee alitaka kuacha 50,000 zaidi. Mama akazirudisha. Mzee akauliza, sufuria ya pembeni inaruhusiwa kuchangiwa? Mama akafikiri, akasema mkaa unaruhusiwa. Tukanunua magunia mawili pale barabarani, mzee akayasimamia mizani mwenyewe.

Chenji hawana kabla ya saa nne asubuhi, nenda na ndogondogo. Maegesho ni upande wa malori. Gari dogo usiliweke nyuma ya lori la mbao, utasubiri. Choo kiko nyuma ya mlango wa jikoni, ni kisafi, maji yapo kwenye ndoo, lakini hakina taa na kuna ngazi moja iliyovunjika, ya tatu ukishuka. Nenda na tochi.